Mlolongo wa Saa Nne

Jumatatu, 11 Aprili 1988

Siku mbaya. Mvua tangu asubuhi, na Rael amepewa kuku.

Kuku mzima! Kutoka kwa mama wa kitanda cha sita, aliyeruhusiwa leo kurudi kwake Soy. Nani alimpima joto wiki mbili? Mimi. Nani alimchoma sindano zote? Mimi, Tryphosa, nesi wa miaka kumi na moja katika hospitali hii. Rael ana miaka minne tu kazini, na kutandika kitanda nilimfundisha mimi. Nikaambiwa asante. Kuku akaenda kwa Rael.

Mchana Metroni Chelimo, mkuu wa wauguzi, akatuita manesi wote. Kuna kozi Nairobi, wiki tatu, ya uongozi na usimamizi kwa wauguzi. Nafasi ni moja. Atakayerudi na cheti atakuwa sista mkuu wa wodi yetu na kuvaa mkanda mwekundu. Majina ni mawili: langu na la Rael. Metroni akasema kiongozi lazima akubaliwe na anaowaongoza, kwa hiyo wafanyakazi watachagua kwa mlolongo, kama ule wa uchaguzi wa Februari. Kila mtu atasimama nyuma ya anayemtaka. Ijumaa, saa nne, uani kwenye chai, kwa sababu hapo ndipo wote hukutana.

Rael akasema yeyote atakayekwenda ni sawa tu. Mnafiki! Mimi pia nilisema hivyo, lakini kwangu ilikuwa ni adabu.

Nimeshajipima kiuno kwa ajili ya mkanda. Inchi thelathini na sita, nikivuta pumzi.

Jumanne, 12 Aprili

Nimemchunguza Rael kutwa ili nijue anawapa watu nini. Hawapi kitu. Anaongea nao tu! Huyu anamuuliza kama ameshapanda mahindi, yule anamuuliza habari za ng'ombe. Kama ni hilo tu, hata mimi nina mdomo.

Nikamwendea Mzee Kipyego, ambaye mguu wake umefungwa plasta na kuning'inizwa juu. Nikatabasamu. Nikamuuliza, Mzee, ng'ombe wako mweusi hajambo? Mzee akageukia ukutani, akakataa hata dawa. Karani wetu, Shitanda, alicheka mpaka faili zikamwanguka. Kumbe ng'ombe huyo ndiye aliyemvunja mguu!

Haikupita nusu saa, Rael akapita akamuuliza kama amemsamehe yule mnyama. Mzee akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Ng'ombe ni yule yule! Kwa nini kwangu analeta kisirani na kwa Rael analeta kicheko? Sijala vizuri jioni.

Jumatano, 13 Aprili

Nimeamka mapema nikapika mandazi arobaini. Yenye iliki. Nikayagawa wodi zote, nikimwambia kila mmoja, kwa upole, kwamba Ijumaa si mbali.

Wote walishukuru. Wakasema nina mkono mzuri. Halafu wakaweka manne pembeni, makubwa, yaliyofura vizuri, wakayafunika kwa sahani. Nikauliza ya nani. Ya Rael, wakasema, maskini, ana kazi nyingi, hajapata hata nafasi ya kukaa.

Nilitaka kulia. Mandazi yangu!

Jumatatu kuku, leo mandazi. Huyu mtu atanenepa kwa jasho langu.

Alhamisi, 14 Aprili

Akili ni mali! Leo saa nne nilikuwa uani nimenuna, nikaona jambo ambalo nimeliona miaka kumi na moja bila kuliona. Watu hupanga mstari kila siku, wenyewe, bila kusukumwa. Mbele ya dirisha la jikoni! Kwa ajili ya chai!

Sasa, nani amesema mgombea asisimame karibu na dirisha?

Nikaenda kwa Mama Awuor, mpishi wa chai. Nikampa mche mmoja wa sabuni. Nikamwomba kesho asifungue dirisha mpaka Metroni aanze kuhesabu. Akasema yeye hana upande, upande wake ni chai, lakini sabuni akaiweka chini ya meza.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema. Lakini hata chema kikisaidiwa kidogo, kuna ubaya gani?

Ijumaa, 15 Aprili

Nimeshinda. Nimedhulumiwa. Niandike kwa utaratibu.

Saa nne kamili nilisimama kando ya dirisha, nikasema mguu unanisumbua, siwezi kusogea. Rael akasimama upande wa pili, karibu na kamba za nguo. Watu wakaanza kwenda kwake, hata binamu yangu! Kwangu watu watatu. Metroni akainua kidole ahesabu. Dirisha likafunguka, pwaa! Harufu ya chai ya maziwa ikatoka.

Mlolongo wangu ukafika hadi getini. Getini! Nilimtazama Rael na watu wake kumi na mmoja, nikamhurumia kidogo.

Hapo ndipo lori la viazi kutoka Timboroa likaingia likipiga honi. Juu ya magunia kuna mama analia, mtoto anakuja. Rael akakimbia hata kabla honi haijanyamaza. Watu wake wote wakamfuata. Nikasikia akimtuma huyu maji, yule vitambaa, Shitanda ashushe magunia. Halafu watu wangu nao! Wakaweka vikombe chini, kwenye matope, wakakimbia. Niliwaita. Niliwaambia hesabu haijaisha. Hakuna aliyegeuka.

Mimi sikuyumba. Nilibaki mahali pangu. Nyuma yangu walibaki mfagiaji ambaye hasikii vizuri, na mgeni mmoja aliyekuja kuona mgonjwa akaona chai. Nyuma ya mahali pa Rael hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikamwomba Metroni ahesabu sasa hivi. Mbili kwa bila!

Metroni akavua saa yake mkononi, akaenda kwenye lori.

Msichana, mzima, alizaliwa juu ya viazi. Baadaye nilimpelekea yule mama chai kwa mkono wangu, nikamtajia jina langu mara mbili. Mtoto ameitwa Rael.

Jumamosi, 16 Aprili

Metroni ameniita ofisini. Rael anaondoka Jumatatu kwenda Nairobi. Nikamkumbusha mbili kwa bila. Akasema jana aliona mtu akifuatwa bila kumwita yeyote, na mwingine akilinda mstari huku mgonjwa analia. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Wivu unaniuma kama jino. Siufichi, shajara hii ni yangu.

Lakini kabla sijatoka ofisini Metroni aliongeza jambo. Kwa kuwa najua kuwapanga watu, kuanzia Jumatatu nitasimamia foleni ya wagonjwa wa nje.

Sasa nimekaa nikafikiri vizuri. Wagonjwa wa nje ni mia mbili kila asubuhi. Mia mbili, wote nyuma yangu! Rael na cheti chake hajawahi kufuatwa hata na hamsini. Akirudi atanikuta nimesimama mbele.

Fundi nimemwambia ashone ule mkanda hata hivyo. Na Mama Awuor nimemwomba aanze kuuza chai karibu na foleni. Safari hii anataka miche miwili.