Nzi Weupe wa Mpera wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ameamua: mpera alioupanda marehemu baba mkwe unakatwa Jumamosi. Majani yamejaa nzi weupe upande wa chini, na juu yana weusi kama masizi ya sufuria. Alisema kwa sauti ya kawaida, akaingia ndani, nikamsikia akipenga kamasi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni seremala. Ameshaupima mti kwa macho. Anataka mipini ya nyundo! Nimejitolea kuuokoa. Mke wangu ameniomba nisijitolee. Hajui anaishi na nani.

Jumanne, 4 Machi
Nimetikisa tawi. Wingu zima! Wadudu wadogo, mabawa kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Wazuri mno. Nimejaza chupa ya jamu nikaipeleka kituo cha utafiti wa mimea. Mtaalamu wao ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kimoyomoyo namwita Bibi Hadubini. Amesema hawa hata si nzi, ni ndugu wa vidukari. Wanafyonza utomvu, na kinyesi chao kitamu ndicho kinachoota ukungu mweusi. Wakishaota mabawa, aina nyingi hufanana. Kinachowatofautisha ni ganda ambalo mdudu mchanga huliacha chini ya jani. Nimletee majani. Akiijua aina, atajua kama mti unapona. Hebu fikiria, anamtambua mdudu kwa nguo alizovua! Nimetoka pale nikavuka barabara bila kuangalia.

Jumatano, 5 Machi
Nimechuma majani. Machafu! Yananata, yana vigamba kwa chini. Mtu hampelekei msomi uchafu. Nimeyaosha kwa sabuni, nikayasugua kwa mswaki (wa shemeji), yakang'aa. Bibi Hadubini ameyageuzageuza, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nayapeleka harusini. Vile vigamba ndivyo alivyokuwa akivitaka.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji ananoa msumeno barazani na kupiga mluzi. Mama mkwe amemwambia akanolee mbali, kichwa kinamuuma. Baadaye nimemwona ameegemea mpera, kiganja kwenye gome. Nimemhurumia kweli. Nikachuma majani machafu kuliko yote nikakimbia nayo.

Bibi Hadubini ameniruhusu kuchungulia. Jamani! Ganda la manjano, umbo la yai, pembeni nyuzi za nta zinang'aa kama kioo. Nimesahau kupumua. Amelichunguza vinyweleo na vitundu kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwa binadamu. Akasema ni aina inayojulikana. Halafu akanionyesha: ganda lililopasuka kama herufi T, hapo ametoka nzi mweupe. Lenye tundu la mviringo, hapo ametoka nyigu mdogo kuliko nukta, aliyemla mwenye ganda. Yale meusi, nyigu bado yumo ndani. Wamekuja wenyewe, bila kuitwa na mtu! Kwa hiyo mti usikatwe, usipigwe dawa, uachwe kama ulivyo. Nyigu watamaliza kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza mama mkwe. Amekaa kwenye ngazi akalia waziwazi, kisha akaniita mwanangu. Tangu harusi nilikuwa "huyo". Shemeji ameupaka msumeno mafuta akaurudisha sandukuni. Amekiri kwamba safari hii nimefanya jambo. Amesema pia nimnunulie mswaki.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi Hadubini anakuja mchana kuuona mti. Mama mkwe amekwenda kumpokea kituo cha basi, kavaa viatu vyake vizuri. Mimi nimebaki na mawazo. Uhai wa mpera unategemea vinyigu hivyo, na nani anavilinda? Hakuna! Asubuhi hii nimeona ndege mle. Nimeona mjusi. Nimepanda mtini mara moja nikachuma kila jani lenye ganda, yaani yote. Nimeyatia kwenye chupa na kukaza vifuniko barabara, asitoroke nyigu hata mmoja. Mpera umebaki matawi matupu, lakini jeshi letu lote liko salama juu ya kabati.

Wamefika. Nawaona kutoka dirishani, wamesimama chini ya mti na kuinua macho. Mama mkwe amejishika kichwa, Bibi Hadubini amevua miwani anaifuta. Sijawahi kusifiwa hivi.