Viti Ishirini vya Jiometri

Jumatatu, 3 Machi

Theluji tena. Hakuna mteja dukani, na matairi yananitazama tu. Nimefunga mapema. Nyumbani nimemkuta Solveig mezani, anachagua hesabu za miaka mitatu iliyobaki ya sekondari. Mtoto wa miaka kumi na nne! Mimi umri huo nilikuwa nachagua soksi.

Kanieleza taratibu, vile anavyomweleza bibi yake mambo ya simu. Mwaka huu yuko Aljebra ya Kwanza. Baada yake Jiometri, kisha Aljebra ya Pili, kisha maandalizi ya kalkulasi, ndipo kalkulasi yenyewe, kilele cha hesabu za shule. Masomo manne, miaka mitatu. Nimehesabu kwa vidole. Hayaingii! Anayetaka kufika kalkulasi lazima aruke mahali. Na Solveig anaitaka. Anataka kujenga madaraja.

Njia ni mbili. Ama mwakani asome Jiometri na Aljebra ya Pili kwa pamoja, aache bendi, maana vipindi vinagongana. Ama amalize Jiometri kiangazi hiki kwa mwalimu wa hesabu, Bi. Vang, abaki na tarumbeta yake. Anataka ya kiangazi. Anaitaka sana, nimemwona usoni.

Lakini kuna kitu kinaniwasha. Nani aliyeichomeka Jiometri katikati ya aljebra mbili, kama jibini ndani ya mkate? Kwa nini wasimalizane na aljebra kwanza? Nimemuuliza mke wangu. Janelle kasema viazi vinapoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda shuleni kwa mshauri wa masomo, Bi. Kowalczyk. Mama mpole, ana bakuli la peremende mezani. Nimemuuliza habari ya jibini na mkate. Hajui. Miaka ishirini na mbili yuko ofisini humo, na hajui! Kasema ndivyo alivyoikuta. Nimeuliza saa za masomo, vitabu, maegesho, kama madirisha yanafunguka. Mwisho akaangalia saa yake.

Nililolipata ni hili. Darasa la kiangazi lina viti ishirini. Wanaotaka wakizidi, itapigwa kura Ijumaa ya wiki ijayo. Kura! Mustakabali wa binti yangu utolewe kwenye kofia!

Koridoni nimekutana na Kip Drexler. Jirani yangu, daktari wa meno, ana mashine ya kuondolea theluji yenye taa mbele kama treni. Mwanawe Brody naye ataomba Jiometri ya kiangazi. Kip kanipiga begani, akasema Brody akifika kalkulasi atakuja kumfundisha Solveig bure, majirani ni majirani. Akacheka peke yake. Meno yote nje.

Nimeuma peremende mpaka jino likalia. Na daktari wa meno ndiye huyo huyo.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepata wazo.

Baada ya ibada tulishuka ukumbi wa chini ya kanisa kwa supu, kama kila Jumatano ya Kwaresima. Supu ya njegere. Anayepakua ni Bi. Ardis Bjorklund. Ukimwambia Bi. Ardis jambo, huna haja ya kuliambia gazeti. Nikanyoosha bakuli. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye huzuni, eti nimesikia vyuo vikuu siku hizi havipendi Jiometri ya kiangazi. Vinaiita Jiometri ya haraka haraka. Bi. Ardis akasimamisha upawa hewani. Kauliza nimesikia wapi. Nikasema mahali fulani, sikumbuki.

Nilipofika nyumbani nikajiona kwenye kioo, msalaba wa majivu bado upo kwenye paji la uso. Loo! Nimedanganya nikiwa nao. Lakini sikusema ni kweli. Nilisema nimesikia. Tena nilijisikia mwenyewe nikisema, kwa hiyo hata uongo si uongo kamili.

Solveig sikumwambia. Atashukuru baadaye.

Ijumaa, 7 Machi

Ajabu! Uvumi wangu umenirudia dukani, na umenenepa. Mteja aliyekuja kuziba pancha kaniambia kwa siri kuna msichana wa mji wa Duluth alifukuzwa chuo wiki ya kwanza. Kisa? Jiometri ya kiangazi. Walimpa pembetatu aipime mbele ya watu, akashindwa.

Sasa mimi mwenyewe nimeingiwa na wasiwasi. Je, kama nimebahatisha ukweli? Haiwezekani? Nimeshindwa kuvumilia, nimepiga simu chuo kikuu. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama wana ubaya na Jiometri ya kiangazi. Kasema hawana ubaya na jiometri ya majira yoyote. Kisha akauliza nimesikia wapi upuuzi huo, maana mimi ni mtu wa nne leo.

Wa nne! Nimejivuna kidogo. Sikujua nina nguvu kiasi hiki.

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele na sisi tumesahau. Tumeingia kanisani wakati wa wimbo wa mwisho. Kip kageuka, kaniinulia mkono, akaninyooshea saa yake.

Mlangoni kaniambia Brody kajitoa. Kasikia habari fulani. Familia ya Haugen nao wamejitoa, na mapacha wa mwenye duka la nyama. Nimetikisa kichwa kwa masikitiko. Ndani ya koti nilikuwa nacheza ngoma.

Mchana Solveig kanionyesha kitu. Kata pembetatu ya karatasi, yoyote. Ikunje kila pembe katikati. Mikunjo mitatu inakutana mahali pamoja. Nikasema ni bahati. Nikakata nyembamba, inakutana. Nikakata nene, inakutana. Nikakata iliyopinda kama pua ya Kip, inakutana! Nimemaliza karatasi za ofisi, nikahamia kwenye boksi la piza. Janelle kauliza nani atafagia.

Nikamuuliza Solveig kwa nini inakuwa hivyo. Kasema hajui bado, na ndiyo maana anataka kwenda. Bi. Vang kamwambia Jiometri ndilo somo la kuuliza kwa nini mpaka asibaki mtu wa kubisha. Alikuwa na vipande vya karatasi hadi kwenye nywele. Sijamwona na furaha hiyo tangu apewe tarumbeta.

Leo nitalala usingizi wa mtoto mchanga.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa.

Bi. Kowalczyk kapiga simu dukani. Anasikitika. Darasa la kiangazi wamebaki tisa. Nikasema safi sana, basi kura haina haja! Kasema, Bwana Aamodt, wasipofika kumi na tano darasa halifunguliwi. Shule haiwezi kumlipa mwalimu kwa watoto tisa. Mwisho kesho jioni.

Nimeuliza hadi madirisha! Kila kitu nimeuliza, isipokuwa hicho!

Nimemwacha mteja na gari lake juu ya jeki.

Nimekwenda kwa mwenye duka la nyama. Nimemwambia zile habari ni uongo mtupu. Kanitazama kwa huruma, kasema anajua inauma kwa kuwa binti yangu ameshajiandikisha, lakini nikubali tu ukweli. Nimekwenda kwa Haugen. Mke wake kanipa keki, kaniambia polepole habari ya yule msichana wa Duluth. Sasa ana jina! Anaitwa Kirsten!

Ijumaa, 14 Machi

Sijui niandike vipi.

Jioni tulikwenda kula samaki wa Ijumaa kwenye ukumbi wa maveterani. Mji mzima upo. Nikamvaa Bi. Ardis kwenye foleni. Nikamwambia awatangazie watu kwamba habari ile haina kichwa wala miguu. Kanipapasa mkono. Kasema aliyemwambia ni mtu wa kuaminika kabisa. Nikamuuliza nani. Akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepakulia watu mia, "We Verlyn, si ni wewe?"

Solveig alikuwa nyuma yangu na sinia.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Ndani ya gari kauliza kama ni kweli. Nikaanza kueleza habari ya kura na viti na Kip. Kanikatiza. Kasema, "Baba, ungeniacha tu niingie kwenye kura kama watu wengine." Kisha akatazama dirishani hadi nyumbani.

Nimeona haya. Haya hasa. Samaki sikumaliza.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto huyu katoka kwa nani? Jana asubuhi alimpigia Bi. Vang mwenyewe, akaomba siku. Bi. Vang kaongea na Bi. Kowalczyk, wamempa mpaka Jumanne adhuhuri. Solveig kavaa viatu vya theluji, kaingia mitaani nyumba kwa nyumba. Sikuruhusiwa kwenda naye. Nilimfuata kwa gari kwa mbali hadi aliponiona, akanielekezea nyumbani kwa kidole.

Anawaambia watu ukweli, basi. Kwamba uvumi aliuanzisha baba yake, na hana ushahidi wowote. Wanamwamini! Wengine wanacheka, wananipa pole. Mwenye duka la nyama amerudisha mapacha. Haugen wamerudi. Jioni hii wamefika kumi na wanne.

Amebaki mmoja. Brody.

Jumatatu, 17 Machi

Kip hajakataa. Kamwambia Solveig atafikiri, ila anataka kusikia kwangu, mwanamume kwa mwanamume, maana Brody si mwepesi wa hesabu na hataki kumtupa mahali pabaya. Solveig kanikalisha jikoni. Kasema ananiomba kitu kimoja tu. Kip akiuliza kama darasa ni zuri, nijibu ndiyo. Nisiongeze neno. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. Nimemuahidi. Nimemshika mkono na kumuahidi.

Jioni nikatoka na koleo. Kip naye katoka, kawasha lile treni lake, kisha akalizima akaja uzioni. Kauliza.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Hapo hapo nikamtazama Kip, na akili ikaniwaka. Mtu kama huyu! Tangu lini akaambiwa kitu ni kizuri akakitaka? Mwenye kiburi humvuti kwa kumwambia njoo, unamwambia hutaweza. Hii Solveig hawezi kuijua, bado mdogo. Nikavuta pumzi. Nikamwambia, kwa moyo mkunjufu kabisa, kwamba darasa ni zuri lakini ni gumu mno, wiki sita za mbio, na kusema kweli kwa Brody sidhani. Wengine wamezaliwa na kichwa cha hesabu, wengine hawana, si kosa la mtoto.

Kip akainamia theluji, akaipiga kwa ncha ya kiatu. Nikaona kabisa maneno yanavyomchoma! Kisha akavua glavu, akanipa mkono. Kasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia ukweli kuhusu Brody kwa upole namna hiyo. Kasema mtoto amekuwa akilia chumbani kwa ajili ya jambo hili. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaingia ndani bila hata kumaliza theluji yake.

Ameingia mtegoni mzima mzima! Anajifanya tu, kesho saa mbili kamili atakuwa mlangoni kwa Bi. Kowalczyk, namjua.

Sasa hivi dirisha la sebuleni kwao liko wazi kidogo na mwanga umewaka. Nasikia Brody anapiga vigelegele na Kip anamwambia afungashe nyavu, watakwenda ziwani kiangazi chote. Geresha za Kip hizo. Solveig kanisubiri juu ya ngazi, kauliza nimejibu nini. Nimemwambia alale kwa amani, baba ameshamaliza kazi.