Mishale ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeonewa. Mkuu wa idara yetu ya ubunifu kagawa vyumba vya maonyesho ya walimu. Mfinyanzi, jirani yangu wa ofisi, kapewa ukumbi wa chini. Madirisha makubwa, mwanga kama wote. Mimi ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, ubavuni mwa vyoo. Na atakayewavutia wageni zaidi ndiye atakayepewa karakana mpya. Karakana ile nimeitamani tangu haijajengwa!

Nikanung'unika kidogo. Mkuu akasema nisijali, ana kazi ya heshima kwangu: kwa kuwa naandika kitabu juu ya alama za njia, nichore mishale ya kuwaongoza wageni kutoka getini. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Fisi kakabidhiwa bucha.

Jumanne, tarehe 5

Nimechora mishale kutwa. Myekundu, minene shingoni, yenye ncha za kuamrisha. Juu yake neno moja tu: MAONYESHO. Sikutaja ya nani. Si uongo, na mimi nina maonyesho.

Mke wangu akauliza sura ya kwanza ya kitabu imefika wapi. Nikamwambia kitabu kizuri hakipikwi kwa moto mkali. Akasema hiki hata jiko halijawashwa. Nikarudi kwenye mishale yangu.

Jioni Mfinyanzi akapita nyumbani kunishukuru kwa mishale. Kamletea shemeji yake kikombe. Kikombe cha kawaida kabisa, hakiulizi swali lolote. Mke wangu kakishika kwa mikono miwili, kakinywea chai hadi tukaenda kulala. Dharau.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi na mapema nikabandika mishale. Getini, kwenye nguzo, kwenye ngazi. Hakuna hata mmoja uliotazama ukumbi wa chini.

Wakapanda! Umati mzima. Nikasimama mlangoni na shati la pasi, hotuba mfukoni. Kazi yangu inaitwa Ukaidi: viti nilivyovichonga makusudi visikalike. Kimoja kinateleza, kingine kimeinuka katikati kama kichuguu. Vinamuuliza binadamu kwa nini anapenda kukaa.

Wageni hawakusubiri swali. Walikuwa wanahema kwa ngazi, wakaona viti, wakakaa. Nikawasihi. Nikasema ni sanaa. Bwana mmoja juu ya kichuguu akanishukuru, akasema amezoea, kwake vipo vibovu zaidi. Mama mzazi wa mkuu wa idara, mtu mzima na mkongojo wake, akachagua kile kinachoteleza. Akashuka taratibu mpaka sakafuni, kama uji mzito unaomiminwa. Akanitazama.

"Mwanangu, kiti hiki kina nini na mimi?"

Nikafungua hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye mamlaka ya makalio Mfinyanzi alipotokea. Alikuwa amekaa peke yake chini, akasikia vishindo juu ya kichwa chake, akapanda na sinia la vikombe. Nikajua sasa nitaumbuka. Hakunigombeza. Hata hakunitazama.

"Poleni na ngazi," akawaambia. "Karibuni maji."

Akamwinua yule mama, akaona hakuna pa kumkalisha, akamtandikia koti lake sakafuni akakaa naye. Basi watu wakaanza kuvigeuza vikombe, wakivisifu rangi, wakivisifu uzito. Ndani ya chumba changu!

Ijumaa, tarehe 8

Karakana kapewa Mfinyanzi. Mkuu kamsifu mbele yetu kwa ukarimu, na kwa wazo la kuwapumzisha wageni juu kabla ya kuwaonyesha kazi. Ila, akasema, seremala aliyetengeneza viti vile aonywe. Nikatazama viatu vyangu.

Baadaye Mfinyanzi akanifuata ujiani. Akasema mishale yangu ilikuwa mizuri, hata yeye angeifuata. Sijui ilikuwa sifa au kisu. Kisha akaniambia karakana ni kubwa, nihamishie meza yangu. Nikakataa. Mtego huo. Mke wangu anasema si mtego, ni meza.

Jumapili, tarehe 10

Kila mwalimu anatakiwa aandike aya ya kijitabu cha idara: kazi zake za ubunifu, maandishi, na anachoshughulikia sasa. Nimeandika. Kazi: viti vilivyowagusa wageni moja kwa moja, mmoja akaguswa hadi sakafuni. Maandishi: kitabu, kinaiva. Anachoshughulikia sasa: ufinyanzi.

Hilo la mwisho limenijia tu, likanipendeza. Udongo ni udongo. Nimempigia Mfinyanzi simu kumwambia kwamba nimefikiri vizuri, nahamia karakanani kesho. Amefurahi, maskini. Akinifundisha mwezi mmoja, wa pili atakuwa ananiomba ushauri.

Nimeanza mazoezi leo leo, kwenye beseni la nguo. Mke wangu anauliza nguo ziko wapi. Kikombe changu cha kwanza kinasimama, kikiegemezwa ukutani. Kinavuja kidogo. Kuvuja ndilo wazo lenyewe.