Injini Isiyohitaji Moto

Jumatatu, 3 Juni

Injini imekamilika. Miezi kumi na moja ndani ya banda la nyuma. Tupa tatu za kusugulia chuma zimekwisha meno. Boila: kipande cha bomba la shaba. Silinda mbili: pampu za baiskeli nilizozikata. Bomba la moshi: kikopo cha rangi ya mdomo cha mke wangu, ambacho bado anakitafuta. Urefu sentimita thelathini na nne. Nyeusi, mstari mwekundu ubavuni. Garimoshi kamili, ila dogo.

Mjane wa Fomeni, marehemu msimamizi wetu wa karakana, amethibitisha siku: Jumapili tarehe 16, barazani kwake. Mashine ya kukereza ya marehemu, ile inayozungusha chuma au mti ukachongwa mviringo, haiuzi. Atampa mtu atakayemwonyesha injini ya mvuke inayotembea yenyewe, mwanzo wa reli hadi mwisho, bila kuguswa. Tumejitokeza wawili tu. Mimi, na Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa, ambaye pale karakana alikuwa akija mara moja kwa mwezi kurekebisha saa ya ukutani.

Mashine ile ni yangu. Miaka ishirini na mbili nilikuwa mtunza stoo, hatua sita kutoka ilipokuwa. Nilitoa tupa, nikapokea tupa. Siku niliyoomba kuigusa, Fomeni alisema mikono yangu ni ya kalamu. Alisema mbele ya watu. Mungu amrehemu, lakini alisema.

Jumanne, 4 Juni

Nimewasha. Mvuke ukapanda, magurudumu yakazunguka nusu mzunguko, yakasimama. Nikasukuma kwa kidole. Nusu mzunguko, yakasimama. Mara kumi na nne. Daima mahali pale pale, kama punda aliyefika mtoni.

Mke wangu aliingia kuchukua ndoo. Akauliza mbona vyuma vinavyosukuma magurudumu, vya kulia na vya kushoto, vinakwenda pamoja na kufika mwisho pamoja. Kwenye kinu, akasema, watu wawili wakitwanga hupokezana, hawapumziki pamoja. Nikamweleza kwa upole kwamba hiki si kinu. Akasema anaona. Kinu hufanya kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimebadilisha mafuta, spiriti ya taa, vali, na kiti ninachokalia. Nusu mzunguko.

Shemeji alipita "kusalimia". Alisimama mlangoni akaitazama injini kwa muda wa kumeza mate, kisha akauliza kama anaweza kusema neno moja tu, shemeji yangu. Nikaifunika kwa taulo. Nikamwambia maneno yote yaliyomo nimeshayasema mwenyewe. Akasema basi, nikimhitaji yupo. Ana unyenyekevu wa kuudhi mtu huyu. Akikukanyaga anaomba radhi kabla hujaumia.

Najua alichokuja kuiba. Pande zote mbili zinakwenda sambamba kama askari kwenye gwaride. Ilinichukua siku mbili na kipimapembe kuzilinganisha. Siri hiyo haipati.

Jumanne, 11 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Leo niliiweka injini sakafuni nipanguse meza. Sakafu ya banda imeinama kidogo ili maji yatoke. Injini ikaondoka. Ikapita pale inaposimama siku zote, ikapita tena, ikaenda hadi mlangoni bila kidole.

Nimekata kandambili kuukuu vipande viwili, nikaviweka chini ya miguu miwili ya meza yangu yenye reli. Kwa macho huoni kitu. Gololi inaona, lakini Mjane hana gololi.

Si udanganyifu. Reli za kweli zina miteremko mingi tu, na hakuna anayeziita waongo.

Mke wangu aliuliza kandambili yake moja iko wapi. Nikamwambia mbwa. Akasema hatuna mbwa.

Jumapili, 16 Juni

Naandika ili yawepo maandishi.

Mjane alikaa mbele, amevaa miwani ya marehemu. Nilikwenda na meza yangu. Nilimwambia za kwake zinayumba.

Alianza Shemeji. Injini yake ni ya mabati ya makopo, haina hata rangi. Ilikwenda kama mgonjwa anayefuata dawa. Ikafika. Akaigeuza, ikarudi. Watu walichelewa kupiga makofi kwa sababu walikuwa wameshaanza kuzungumza mambo mengine.

Zamu yangu. Niliwasha taa ya spiriti, nikawageukia wageni nikatoa maelezo mafupi ya historia ya injini hii. Dakika kumi na mbili. Kisha nikaiachia. Mita mbili nzima, moja kwa moja, mstari mwekundu ukimeta! Watu sita walipiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Mjane aliinuka. Akaweka kiganja juu ya boila, akakiacha hapo. Akainama, akachungulia chini. Upepo ulikuwa umeizima taa wakati wa maelezo. Maji hayakuwa yamepata hata uvuguvugu.

Akasema marehemu mume wake alihangaika na makaa maisha yake yote, kumbe kuna injini isiyohitaji moto. Akanipa hongera. Kisha akasukuma kwa ncha ya kiatu pale chini ya meza, kikatoka kipande cha kandambili. Mke wangu akasema, "Mbwa wetu huyo."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji hakucheka. Hilo sitamsamehe.

Nilipokuwa nafungasha, Mjane alinijia taratibu akaniambia marehemu alinisifu sana nyumbani. Alikuwa akisema katika stoo yangu haikuwahi kupotea tupa hata moja. Nadhani alikusudia kunifariji.

Jumatano, 19 Juni

Mashine ya kukereza iko bandani kwangu. Naieleza kwa utaratibu.

Alipewa Shemeji, lakini kibanda chake ni kipana kama kabati. Haikuingia. Amekuja nayo kwenye mkokoteni akaomba kama inaweza kukaa hapa, niitumie nitakavyo, yeye atapita Jumamosi moja moja. Nimekubali kwa masharti ambayo bado sijayaandika.

Kabla hajaondoka aliichukua injini yangu bila ruhusa, akalegeza gurudumu moja, akalizungusha robo mzunguko, akalikaza. Ili upande mmoja ukifika mwisho mwingine uwe njiani, akasema. Mke wangu akasema, kinu. Shemeji akaiweka sakafuni penye mlango, akawasha. Injini ikapanda mteremko wa sakafu hadi ukutani, yenyewe, ikagonga ukuta na kuendelea kusukuma. Mke wangu alipiga makofi. Miezi kumi na moja sikuyasikia.

Nilisubiri waondoke wote wawili. Nikalegeza gurudumu, nikapima kwa kipimapembe, nikalirudisha lilivyokuwa. Injini ni yangu. Haitatembea kwa mkono wa mtu mwingine.

Baadaye niliigusa mashine. Ni baridi, na nzito kuliko nilivyodhani. Inazunguka bila kelele.

Chuo cha ufundi kina maonyesho mwezi wa nane. Nimekaa nikayapitia yote ya Jumapili, hatua kwa hatua, na kosa nimeliona: upepo. Nitatengeneza kinga ya bati. Ila kwanza mashine ipate kazi ya kuanzia. Nimeshachora. Meza mpya, miguu minne ya kukereza, miwili mifupi kwa sentimita tatu.