Magharibi ya Kopenhageni

Ijumaa, Julai 4

Wameondoka! Bosi, Madam, watoto, na masanduku yasiyohesabika. Wamekwenda Kopenhageni, Denmaki, kukaa mpaka joto la Doha lipungue. Aliyetakiwa kwenda nao ni mimi, Faraji, dereva wao. Aliyekwenda ni Suleimani, mpishi. Bosi kasema huko watu wanatembea kwa miguu na baiskeli, dereva wa nini, ila bila wali wa Suleimani watoto hawali. Nimeangushwa na wali!

Mimi nimeachiwa jumba zima hapa Al Rayyan, maua ya kumwagilia, na Lulwa. Lulwa ni paka. Kiyoyozi kinachoruhusiwa kuwaka mchana kutwa ni cha chumba chake yeye tu. Nimehamia kwa Lulwa.

Tatizo ni Mzee Mbaruku. Huyu ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu Tanga, na ndiye baba yake Warda. Posa yangu iko kwake tangu Idi. Kasema atanijibu nikirudi kutoka Ulaya, kwa sababu mtu aliyetembea huwa na mambo kichwani. Msikiti mzima umeshatangaziwa safari yangu. Sasa nimpigie nimwambie nimebaki na paka? Thubutu!

Jumapili, Julai 6

Nimepata ufumbuzi. Nitakwenda Denmaki bila kutoka Al Rayyan.

Mpiga picha wangu ni Omondi, Mkenya, mlinzi wa jumba la jirani. Kaniambia, buda, si umshow tu huyo mzae ukweli, hii story itakuchoma. Nimemjibu kuchomeka nimeshachomeka, nje ni nyuzi arobaini na sita, yeye ashike simu.

Tulikwenda lile duka kubwa lenye mfereji ndani, na mashua, na dari iliyochorwa mawingu. Ulaya tupu! Nilivaa koti la sufu la Bosi, nikakaa ukingoni na aiskrimu. Kutoka kwenye gari mpaka mlangoni hata soksi zililowa jasho. Lakini picha imetoka safi, uso unang'aa. Nikaiweka stetasi: "Majira ya joto Kopenhageni. Upepo mwanana."

Warda kaiona. Kauliza kama ni majira ya joto, koti la nini. Nikamweleza kwamba joto la Denmaki ni la kistaarabu. Kajibu: "Hongera, kaka Faraji." Hilo "kaka" nitalishughulikia.

Suleimani naye kanitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya diwani. Sikuufungua. Najua majivuno yake. Kanichukulia nafasi, halafu anisimulie na raha zake? Akamsimulie sufuria.

Jumatatu, Julai 7

Leo ilikuwa kuogelea. Nimesoma kwamba Wadenmaki wakiona jua tu hujitosa bandarini, wazee kwa vijana. Bwawa la Bosi lipo. Nikampa Omondi simu, nikajirusha.

Mama yangu wee! Maji yalikuwa yamewiva, ungeweza kusongea ugali. Nilipiga ukelele mpaka Lulwa akakimbilia uvunguni. Video imetoka ya ajabu: naruka, nahema, meno yananigongana kwa maumivu. Nikaandika: "Bandari ya Kopenhageni, baridi yake si ya mchezo!"

Mzee Mbaruku mwenyewe kajibu. Pole mwanangu, jipake mafuta ya karafuu kifuani. Mwanangu! Kaniita mwanangu!

Baadaye nikaenda kuoga. Hapa Doha wakati huu bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, kwa hiyo mwenye akili huzima hita na kuoga yale ya bomba la moto, angalau yamepoa kidogo. Suleimani huko anafungua tu bomba na maji yanakuja baridi. Nimechukia upya.

Jumatano, Julai 9

Leo nimejipita mwenyewe. Nilikaa kwenye majani ya bustani ya Bosi, nikamtumia Mzee ujumbe wa sauti. Shikamoo Mzee, niko bustanini hapa Kopenhageni, nimeegesha baiskeli, nimekula matunda, jua ndilo hilo linazama, saa kumi na mbili na nusu, naingia kuswali Magharibi. Na hapo hapo, bila mimi kupanga, adhana ikaingia kutoka msikiti wa nyuma ya nyumba. Tamu, safi, na mwangwi wake! Ingekuwa filamu ningepewa tuzo.

Mzee kajibu kwa sauti inayotetemeka. Kasema hakujua kama Denmaki adhana inatoka kwa kipaza sauti, tena sawasawa na Tanga, yeye ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kutoka kuadhini. Kasema Mungu mkubwa. Atawaeleza waumini Ijumaa.

Ujumbe mwingine wa Suleimani. Huyu mtu hana kazi? Nimeuacha.

Ijumaa, Julai 11

Balaa.

Mzee kapiga baada ya swala ya Ijumaa. Kumbe alisimama akawaeleza watu habari za adhana ya Denmaki. Mweka hazina wa msikiti ana mtoto Norwe. Akampigia palepale, spika nje, watu wamemzunguka. Huyo mtoto, sijui nilimkosea nini, akasema huko kaskazini jua la Julai linazama karibu saa nne usiku, na adhana mitaani hutaisikia hata ukae mwaka.

Saa nne! Tangu lini jua likazama saa nne? Saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Ndiyo maana ikaitwa hivyo!

Mzee akaniuliza, kwa hiyo mwanangu, hiyo Magharibi uliyoiswali ilikuwa ipi? Hapo nikaona njia mbili tu. Ama mimi mwongo, ama mimi mjinga ninayeswali Magharibi jua likiwa utosini. Nikachagua ujinga. Nikasema nilifuata saa ya nyumbani ili niswali pamoja na yeye, na adhana ilikuwa ya simu.

Mzee hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinihurumia. Alisema, Inna lillahi, kijana wa watu, hukuwa na wa kukuelekeza. Kaniamuru nizirudie Magharibi zote za huko, na Isha zake.

Jumamosi, Julai 12

Nimemsikiliza Suleimani. Wala hajivuni, masikini. Analia! Anasema, Faraji ndugu yangu, huku jua halizami, tunamaliza Isha watu wengine wamelala fofofo, kufumba jicho tu Alfajiri imeingia. Madam kabandika magazeti madirishani. Watoto wanataka wali usiku wa manane kwa sababu nje kweupe. Anasema ningejua, nisingetamani.

Yote nilikuwa nayo kwenye simu tangu Jumapili. Angefupisha maneno, ningesikiliza. Kosa ni lake.

Nimezirudia swala zote. Mbele ya Lulwa, nalipa deni la nchi ambayo sijaikanyaga.

Jumatatu, Julai 14

Sijui nilie au nicheke. Warda yuko Doha!

Kanitumia picha. Kapata kazi hotelini Lusail, kaja kimyakimya ili anishtue, na alipokuwa anapata viza ndipo akasikia mimi niko Denmaki. Kasema, bahati mbaya, kaka Faraji, tungekunywa chai.

Kisha Mzee. Kasema angependa mtoto wake awe na mtu wake huku ugenini. Kasema, laiti ungekuwa Doha, ningekujibu ndiyo leo hii. Lakini uko Ulaya, na kuna kijana mwingine kaleta posa, Amiri, dereva wa Abu Hamour, naye yupo hapo hapo. Kasema atafikiri.

Dereva! Wa Doha! Mimi ni nani?

Nimekaa sakafuni na paka, nimeumia, sifichi. Lusail kwa gari ni mwendo wa nyimbo chache tu za redioni. Omondi kaniambia, manze, sema ukweli saa hii, mlango uko wazi. Nimemwambia yeye ni mlinzi, milango ndiyo fani yake, mapenzi aniachie mimi.

Jumanne, Julai 15

Nimejitoa mhanga. Nimempigia Mzee nikamwambia: naiacha Denmaki. Bustani, aiskrimu, bandari, baiskeli, vyote naviacha kwa ajili ya Warda. Bosi kanisihi nibaki, nimekataa. Nitatua Doha Ijumaa.

Mzee kalia. Kasema Amiri asubiri kwanza.

Warda kasema, basi atakuja uwanja wa ndege kunipokea. Sikulitegemea hilo. Si neno. Nimetafuta mtandaoni ndege ya kweli inayotoka Kopenhageni Ijumaa, inatua alasiri. Nimempa hiyo. Uongo lazima uwe na nidhamu.

Suleimani katuma tena ujumbe wa sauti. Safari hii mfupi. Atakuwa analilia usingizi, nami nina koti la kupiga pasi.

Ijumaa, Julai 18

Nilifika uwanja wa ndege mapema, na koti, na skafu ya Madam, na sanduku la Bosi nililolijaza mito. Simu ya kazi niliiacha nyumbani ili Bosi asinisumbue. Omondi alibaki na Lulwa. Mpango: nisimame ubavuni mwa mlango wa kutokea abiria, kundi la Kopenhageni likimwagika nijichomeke katikati.

Warda alikuwa ng'ambo ya kizuizi. Kaja kwa treni kutoka Lusail, abaya imefunika sare ya hoteli. Sikuwa nimemwona tangu likizo ya mwisho. Nilisahau hata nimekuja kufanya nini. Namtaka huyu mtoto wa watu, jamani, namtaka kweli.

Mlango ukafunguka. Nikajichomeka. Warda akanipungia mkono. Bado kidogo tu nifike! Ndipo nyuma yangu mtu akapaza sauti: "Faraji! Kumbe ujumbe wangu uliupata! Umekuja kutupokea!"

Suleimani, na toroli la masanduku. Nyuma yake Bosi. Nyuma ya Bosi Madam, macho mekundu, kashindwa na jua la usiku, kaamuru wote warudi. Kaniuliza Lulwa yuko na nani. Bosi alikuwa analitazama koti lake. Nikamwambia nimemletea asije akapigwa na baridi. Kasema tutaongea.

Suleimani, ambaye mdomo wake hauna breki, akamsalimia Warda na kunisifia. Kasema mimi ni mtu wa pekee, nimekaa Doha na joto lote hili, na paka, bila kunung'unika.

Nilidhani Warda atanipiga na mkoba. Akacheka. Akacheka mpaka akashikilia kizuizi. Kasema alijua tangu siku ya koti, na ile adhana ilimmaliza mbavu, alimwonea huruma baba yake tu. Kasema posa aliyoipenda ilikuwa yangu mimi, dereva wa Doha, Denmaki hakuiomba yeye. Kisha akawa mkali. Nisimpigie Mzee. Atazungumza naye yeye, amweleze kila kitu, ampoze. Halafu atanitumia ujumbe wa sauti kunielekeza niombe radhi vipi, na nikishausikiliza ndipo nimpigie. Uongo mmoja zaidi na yeye hayumo.

Nikaapa. Akasema, "Haya, Faraji."

Faraji! Bila kaka!

Jumamosi, Julai 19

Bosi kaongea. Kazi bado ninayo. Chumba cha Lulwa sina.

Ujumbe wa sauti wa Warda uliingia asubuhi. Dakika saba! Sikuufungua. Dakika saba za mtu aliyenicheka jana mbele ya Suleimani, hayo ni masimango, najua. Na mwanamume gani anayesubiri kuelekezwa na mchumba aongee nini na mkwe? Nikampigia Mzee mwenyewe.

Shikamoo Mzee, nimetua salama kutoka Kopenhageni. Ndege ilikuwa baridi, na Wadenmaki wamesikitika sana.

Akaniuliza, taratibu kabisa, Magharibi yangu ya mwisho huko niliiswali saa ngapi.

Mtego! Lakini Faraji wa leo si wa juzi. Nikajibu bila kusita: saa nne kasoro robo usiku, Mzee.

Akashusha pumzi ndefu. Kasema ahsante, sasa amenielewa vizuri. Akakata simu. Furaha ilimzidi, hata kuniaga hakuweza.

Nimepasi! Omondi kauliza Warda kasemaje kwenye ile sauti. Nimemwambia nitaisikiliza kesho, leo natafuta kanzu ya harusi.