Mpira wa Bwana Lutze Uende Kasi Gani

Jumatatu, 3 Juni 1912
Bwana Lutze, mpimaji wa reli, amekasirika tena. Mchezo wake ni kupiga kijipira cheupe kwa fimbo hadi kitumbukie shimoni. Leo kimekwama kwenye changarawe, mlangoni kabisa mwa shimo. Wiki hii anachagua msimamizi wa kiwanja: mimi au Mbwana wa Kondoa. Nikikosa, baba mdogo Matonya ananirudisha machungani. Ameshasema ng'ombe hawaulizi Kijerumani. Mimi Kijerumani ninacho, cha misheni. Mbwana hana, ila mdomo anao. Mimi mdomo sina.
Lakini nina akili! Nitakanda udongo na samadi kuzunguka shimo, kama sakafu ya kupuria nafaka.

Jumanne, 4 Juni
Nimekanda kutwa. Mbwana akapita, akauliza kama nilisoma lugha mbili ili nije kupaka mavi. Jibu kali lilinijia nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 6 Juni
Imekauka. Bwana aliugusa mpira tu, ukateleza, ukapita shimo, ukaingia miibani. Akafurahi! Hata kwao, asema, hakuna kasi hii. Rafiki yake Bwana Daktari ana mkono wa kupasulia kuni. Mpira wake tuliuokota karibu na reli. Yeye asema mpira uende polepole, mtu apate kufikiri. Wakabishana, wakaniuliza. Nikasema ndiyo kwa wote wawili.
Nimewaza sana. Mwenye mkono mwepesi anataka ardhi imsaidie, mwenye mkono mzito anataka imzuie. Kila mmoja anaita hiyo sheria.
Jumamosi wanashindana. Sakafu ikibaki hivi, kazi yangu!

Ijumaa, 7 Juni
Mama Emilia, jirani yetu, ameisifu sakafu. Akauliza ni ya nani, na kama kesho ina kazi. Nikamwamkia shikamoo, nikatazama chini. Mbele ya mama wa watu ulimi hunikauka. Akasema ahsante sana, mwanangu. Mama mwenye adabu!

Jumamosi, 8 Juni
Jamani! Wanawake wa mtaa mzima wanapura uwele juu ya shimo, nyimbo juu! Mama Emilia alipowaona mabwana na fimbo zao akawakaribisha: Mungu awabariki kwa kuja kusaidia, ila fimbo zenyewe nyembamba mno. Bwana Lutze akawa mwekundu, akauliza nani karuhusu. Mama akanionyesha mimi. Si nilinyamaza? Kwetu anyamazaye amekubali.
Sakafu imechimbika, makapi tele. Bwana Daktari akapiga kwa nguvu zote. Mpira ukajikokota, ukatumbukia. Kashinda.
Mbwana kapata kazi.

Jumapili, 9 Juni
Baba mdogo ameshanichongea fimbo ya kuchungia. Lakini baada ya ibada Bwana Daktari kaniita. Anataka kiwanja chake, cha polepole, na msimamizi ni mimi. Nimeokoka! Akanyoosha kidole, akauliza kama pale pana mwenyewe. Pana. Ndiyo njia ya ng'ombe wa baba mdogo kwenda majini. Nilikuwa bado natafuta maneno ya heshima aliponishukuru na kwenda zake.
Nadhani kaelewa. Kesho naanza kukanda. Ng'ombe watazunguka.