Viatu vya Mwaka Jana na Mkunjo wa Kumi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepata dawa. Kabla wiki hii haijaisha binti yangu atakuwa anaongea nami, na shemeji atakuwa amenywea kama puto la jana.

Hali ilivyo: tangu kile kikao cha ukoo, binti ananigawia maneno kwa kijiko. Shikamoo baba. Ndiyo baba. Sijui baba. Basi. Kosa langu? Shangazi yake alimuuliza anataka kusomea nini, nikamjibia. Udaktari, nikasema. Nikatoa na sababu. Nikazitoa mpaka chai ikapoa. Mtoto wa miaka kumi na sita anazungukwa na maswali ya wakubwa, baba mzazi akae tu amtazame? Kumbe nimeua mtu.

Maneno mengine yote anampelekea shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia na mwenyekiti wa kikundi cha wasomaji pale maktaba. Mjomba hivi, mjomba vile. Jumamosi wanajadili riwaya ya vijana, Viatu vya Mwaka Jana. Binti anaisoma akila. Anaisoma akipiga mswaki.

Na hiyo riwaya inajalidiwa na nani? Na mimi! Kwa mikono hii! Basi nitaisoma, Jumamosi nitasimama niseme maneno mazito, binti atanitazama upya, shemeji atatafuta kiti.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kununua kitabu ninachokijalidi mwenyewe ni ujinga. Msimamizi wa karakana kaniruhusu nijitengenezee nakala kwa mikunjo ya ziada. Watu hawajui, lakini kitabu si kurasa, ni mikunjo. Karatasi kubwa inakunjwa na kukunjwa mpaka inakuwa kijitabu chembamba. Huo ndio mkunjo. Mikunjo inapangwa mezani, nasi tunaizunguka meza tukiokota mmoja mmoja kwa zamu yake, kisha gundi, kisha jalada.

Sheria ya meza hiyo ni moja: mdomo ufungwe. Ukiongea, mkono unasahau. Lakini hiyo ni sheria ya wanaojifunza. Mimi nimezunguka kwa raha zangu huku namsimulia mwenzangu wa gundi jinsi shemeji atakavyoaibika. Mwenzangu kacheka mpaka kapaka gundi mkono wa shati. Nakala imetoka safi, mgongo umenyooka. Fundi ni fundi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeanza kusoma. Kwa hila, nimekaa mlangoni mwa jikoni ili binti anione. Nikafungua ukurasa, nikaguna. Nikafungua mwingine, nikasema lo. Binti kaja kuchukua maji, kaniruka. Karudi na maji, kaniruka tena. Mke wangu kaniuliza kama kiti changu kimevunjika.

Kuhusu riwaya yenyewe, nina malalamiko. Msichana anaitwa Kijiti, ana miaka kumi na minne, lakini anawaza kama mstaafu. Kila akihuzunika, mvua inanyesha. Haijawahi kumkuta huzuni kwenye jua! Halafu kuna kijana jirani anayepiga gitaa dirishani. Huyo ningemfungia maji. Vitabu vya watoto bwana. Nimesoma hadi ugali ukaungua, lakini ni kwa ajili ya mpango tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nayafuta niliyoandika jana. Siyo yote. Gitaa libaki pale pale.

Baba yake Kijiti ni fundi redio, mtu wa maneno, mtu mzuri sana. Anamnunulia bintiye viatu, anawatangazia majirani wote kuwa viatu hivi ni imara, atavaa mpaka amalize shule. Mwaka unapita, miguu inakua. Mtoto haoni pa kusemea. Kila akifungua mdomo, baba yuko mlangoni anavisifu viatu. Basi anakunja vidole. Anakwenda shule amekunja vidole ndani ya viatu, anarudi amekunja vidole, na usoni anatabasamu.

Nilisomea hapo kazini wakati wa mapumziko. Nikaenda chooni. Niliporudi nikasema gundi imeniingia machoni. Mwenzangu kauliza imeingiaje yote mawili.

Huyu mwandishi ni mtu hatari. Anaandika kama anapekua kabati la nyumba yako. Lakini namlaumu jambo moja: huyo baba anaonewa. Alinunua viatu kwa upendo! Mbona hilo halisemwi?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemaliza. Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Kijiti na baba yake wanagombana ngazini. Baba anahutubia, mtoto anavua viatu, anavitupa chini mpaka ghorofa ya kwanza. Nikashika kifua. Nageuza ukurasa, wanagombana tena! Ngazi ile ile, maneno yale yale, viatu vinatupwa upya! Kisha ghafla, bila maelezo, wako duka la viatu wanacheka, kitabu kimekwisha.

Mwanzoni nilihamaki. Wamepatana lini? Nani kaomba radhi? Halafu nikaelewa. Ni ufundi! Ugomvi wa nyumbani hauishi mara moja, unajirudia neno kwa neno. Nani asiyejua? Na upatanisho hatuonyeshwi kwa sababu hakuna ajuaye unatoka wapi. Jamani, huu ni uandishi! Nimeandaa hotuba. Shemeji na jiografia yake hawezi kuligundua hili hata apewe ramani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ardhi ipasuke inimeze.

Ukumbi wa maktaba umejaa. Binti kakaa mstari wa mbele, karibu na mjomba wake. Watu wanasifu hiki na kile, naona wanaparazaparaza juu juu. Nikanyoosha mkono. Nikasimama. Nikawaambia kuwa wote wamepitwa na jambo kubwa kuliko yote, ule ujasiri wa kuwagombanisha ngazini mara mbili. Nikaeleza. Nikapandisha sauti. Nikafika kwenye upatanisho tulionyimwa, nikaona baadhi wanatazamana. Nikadhani wameguswa.

Shemeji kaniuliza kwa upole, ule upole wake wa kukera, ni ukurasa gani. Nikampa kitabu. Kapekua, kakohoa, kampa jirani yake. Kitabu kikatembea ukumbi mzima, na kicheko kikitembea nyuma yake. Mkunjo wa tisa uko mara mbili. Wa kumi haumo. Na wa kumi ndio mapatano yote! Bibi mmoja aliyevaa miwani kaniuliza nani kajalidi madudu haya. Nikamwambia viwanda vya siku hizi bibi, hovyo kabisa.

Kitabu kikamfikia binti. Hakucheka. Kakiinamisha, kachungulia mgongo palipoachia gundi. Kila mkunjo una alama nyeusi mgongoni. Ikipangwa sawa zinashuka kama ngazi. Nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo, alikuwa akija karakana na daftari lake la kuchorea. Katazama pale ngazi ilipokatika. Halafu kaniambia, mbele ya watu wote:

“Baba, ulikuwa unaongea wakati unapanga.”

Sentensi nzima! Ya kwanza tangu kikao! Nimetembea hadi nyumbani nikiwa na aibu na furaha, sijui ipi ilitangulia.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mchana binti kaja sebuleni na nakala yake. Kasema kaa. Nikakaa. Kasema atanisomea mkunjo wa kumi, kwa sharti moja, nisiseme kitu.

Kasoma vizuri mtoto huyu! Baba wa Kijiti anaokota viatu ngazini, anakwenda kusimama mlangoni kwa bintiye. Anaanza hotuba, anaacha. Anaanza nyingine, anaacha. Anakaa sakafuni. Anajaribu kuingiza mkono ndani ya kiatu, haupiti. Mwishowe anauliza swali moja tu: vinakubana wapi? Halafu ananyamaza. Ukurasa mzima mtu kanyamaza, na unasomeka! Mvua ilinyesha, ndiyo, lakini hapo nimemsamehe mwandishi. Nimemsamehe hata gitaa.

Binti kafunga kitabu. Nikamuuliza:

“Na wewe, mama, vinakubana wapi?”

Kisha nikauma ulimi. Kweli, kwa meno. Saa ya ukutani ilikuwa inanisuta. Nilikuwa na majibu mengi, yote mazuri. Nikayameza moja moja. Na yeye akasema. Hataki udaktari, damu inamtia kichefuchefu. Anataka kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, ngazi. Amekuwa akienda kumtazama fundi wa karibu na shule, anapenda chuma kinavyokuwa laini kisha kinatii. Kaongea mpaka jua likahama kwenye kochi. Sikusema kitu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini nimepita.

Nampenda mtoto huyu mpaka naogopa. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Shemeji kaja kula. Kamgeukia binti, kamuuliza: basi mwanangu, umeamua kusomea nini?

Nikamjibia. Ningefanyaje, nilikuwa najua jibu! Kuchomelea vyuma, nikasema, na atakuwa bingwa. Nikamweleza shemeji chuma kinavyokuwa laini kisha kinatii. Nikamjulisha kuwa asubuhi nimeshawatangazia karakana nzima, na kwamba jirani nimemwahidi geti. Nikaendelea hadi kwenye aina za mageti. Nilipotulia kunywa maji, binti alikuwa anatazama sahani. Chini ya meza, naapa, niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili.

Mke wangu kamuuliza kama ameshiba. Ndiyo mama. Nikamuuliza kuna nini tena. Sijui baba.

Si neno. Safari hii najua dawa ipo wapi. Kazini imeingia riwaya nyingine ya vijana, nene, inasifiwa sana. Kesho najitengenezea nakala, na mkunjo wa kumi nitauacha mezani makusudi, ili binti aje anisomee. Mwenzangu wa gundi nimeshamsimulia mpango wote.